Wakubwa Wakigombana na Wewe Ndiye Mwenye Kitabu cha Risiti

Jumamosi moja, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa mlangoni kwenye viwanja vya Furahisha, Mwanza, nikikata tiketi. Wakaja vijana wawili wameongozana. Mmoja akanipa tiketi ya kijani, mwenzake ya rangi ya chungwa. Nikazigeuza. Namba ya mfululizo ilikuwa ile ile kwenye zote mbili: 0417. Oda ya tiketi kwa mchapaji niliipeleka mimi mwenyewe, na niliagiza za kijani tu, 3,000.

Nikamuuliza yule wa chungwa kanunua wapi. "Pale Makoroboi, dada, kwa vijana wa bosi." Bosi yupi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomozea wapi. "Si bosi wenu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule ugomvi wa ofisini uliokuwa wa kununa na kubamiza milango umeshafika kwenye hela. Nilikuwa mhasibu wa kampuni ya burudani ambayo sitaitaja jina. Kwa kipimo cha Kanda ya Ziwa ilikuwa kubwa: studio Kirumba, jukwaa la vyuma, spika za kujaza Fuso mbili, wasanii kumi na mmoja wenye mikataba, matamasha kutoka Bukoba mpaka Musoma. Wakurugenzi wawili hawakusemezana kwa miezi minne. Kila mtu akanikumbusha kwamba wapiganapo tembo ziumiazo nyasi. Nikawa nawajibu kwamba nyasi haina kitabu cha risiti.

Haya ninayoandika ni kwa ajili yako uliye katikati: mhasibu, karani, fundi mitambo, dereva wa gari la matangazo, meneja wa msanii. Wakubwa wenyewe wana mawakili wao.

Kwanza, tafuta kiti kilicho wazi

Ugomvi ukianza utaambiwa sababu kumi. Huyu ana dharau. Yule anakula hela. Mke wa fulani kasema maneno kwenye harusi. Zisikilize kwa adabu kisha ziweke pembeni, ujiulize: ni nani aliyeondoka hapa karibuni, na kazi zake alikabidhiwa nani?

Kwetu aliondoka Shangazi. Alikuwa mkurugenzi wa tatu, mwenye hisa chache, na ofisi nzima tulimwita hivyo ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Mzee ndiye aliyeanzisha kampuni kwa hela aliyoipata kwenye sangara. Bosi Mdogo ndiye aliyeleta wasanii, na simu zao alikuwa nazo yeye. Shangazi kwenye karatasi alikuwa wa utawala. Kazi yake hasa ilikuwa kupokea hasira za huyu, kuziacha zipoe usiku mmoja, halafu kuzifikisha kwa yule zikiwa zimevalishwa shati. Mume wake alipohamishiwa Dodoma akamfuata. Tukamfanyia sherehe, tukampa kitenge na saa ya ukutani, na hakuteuliwa mtu. Wiki ya sita tiketi za chungwa zikatoka. Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. Mimi nimekulia Magu, nimewaona wakikaa, mradi mchungaji yupo.

Baadaye, nikiwa sina kazi na muda ninao, nilisoma yaliyotokea Disney huko California, nikacheka peke yangu sebuleni maana niliwaona watu wetu mle ndani. Michael Eisner na Frank Wells walikabidhiwa ile kampuni mwaka 1984. Eisner alikuwa na mawazo na makelele, Wells alikuwa mtu wa kutuliza na kumaliza mambo. Upande wa filamu alishika Jeffrey Katzenberg, na katuni za Disney zilizokuwa zimelala zikaamka. Wells akafa kwenye ajali ya helikopta huko Nevada tarehe 3 Aprili 1994, na kazi zake Eisner akazichukua yeye mwenyewe. Katzenberg aliamini ameshaahidiwa kiti kile. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameondoka, na Oktoba ileile yeye, Steven Spielberg na David Geffen wakatangaza kampuni yao, DreamWorks. Tofauti na sisi ni kwamba Shangazi wetu yu hai na bado ananitumia picha za mahindi yake.

Kwa hiyo mtu wa katikati akiaga, chukua karatasi siku hiyohiyo uorodheshe alichokuwa akifanya kweli, usinakili kile kilichoandikwa kwenye barua yake ya ajira. Nani alikuwa anaidhinisha posho za safari? Muhuri ulilala kwa nani? Nani anajua nywila ya ukurasa wa YouTube? Faili la vibali vya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, liko kabati gani? Mimi niliifanya kazi hii nimechelewa, wiki mbili baada ya Furahisha, nikapata vitu 23. Kati ya hivyo, 19 havikuwa na mwenyewe. Orodha ile ningeipeleka mapema kwa wote wawili, nikaomba kila kitu kiandikwe jina mbele yake, nadhani tungeokoa mwezi mzima. Nasema nadhani, maana Mzee alikuwa na tabia ya kusoma ukurasa wa kwanza tu.

Mapinduzi hupitia kwenye vocha

Usiangalie nani kamsalimia nani kikaoni. Watu wazima wanaweza kusalimiana vizuri sana huku wakichimbiana. Angalia njia ya hela. Kwetu alama zilikuja kwa mpangilio huu, na nimeambiwa na wenzangu wa kampuni nyingine kwamba kwao hazikutofautiana sana.

Ilianza kwa vocha kuja na sahihi moja mahali pa mbili, na maelezo kwamba "mwenzangu yuko safarini". Mwenzake nilikuwa nimemwona asubuhi akinywa supu ya sato Kirumba. Ikafuata lipa namba mpya kwenye bango la tamasha, yenye jina nisilolijua. Kisha kundi la pili la WhatsApp likafunguliwa, lina wafanyakazi wote isipokuwa mmoja wa wakubwa. Mwisho nikaambiwa, kwa mdomo, kwamba kuanzia leo ripoti ya mapato ya mlangoni ipelekwe kwa fulani kwanza.

Ukifika hapo ujue vita imetangazwa. Mwenye ripoti kwanza ndiye mwenye kampuni, hata kama bango la mlangoni lina jina la mwingine. Disney waliliona tena mwaka 2020. Bob Iger alimwachia Bob Chapek ukurugenzi mkuu Februari, lakini yeye mwenyewe akabaki mwenyekiti mtendaji, akisimamia mambo ya ubunifu mpaka mwisho wa 2021. Oktoba 2020 Chapek akapanga upya kampuni: mamlaka ya bajeti na usambazaji yakatoka kwa wale wanaotengeneza filamu na vipindi, yakaenda kwenye kitengo kimoja chini ya mtu wake, Kareem Daniel. Mkataba wa Chapek uliongezwa katikati ya 2022, na Novemba 20 mwaka huohuo bodi ikamwondoa ikamrudisha Iger. Iger alipoingia, jambo alilolifanya kesho yake lilikuwa kutangaza kwamba Daniel anaondoka na mpangilio ule unavunjwa. Alianza na daftari la hesabu. Hotuba zingekuja baadaye.

Kuna kisa kingine cha hukohuko ambacho kila mhasibu akisikia atasogeza kiti. Baada ya Katzenberg, Eisner alimwajiri rafiki yake Michael Ovitz kuwa rais wa kampuni, mwaka 1995. Ovitz alikuwa wakala mkubwa kuliko wote Hollywood. Jioni ya tangazo, mkuu wa fedha na mwanasheria mkuu wa kampuni walimwambia kwamba wao hawataripoti kwake. Wakubali wasikubali wengine, bila fedha na bila sheria rais anatawala nini? Alidumu miezi kumi na minne, akaondoka na malipo ya takriban dola milioni 140, na wenye hisa wakaenda mahakamani Delaware kuuliza zile hela zimelipwaje. Mahakama ikaamua kwa upande wa wakurugenzi mwaka 2005, lakini ushahidi ulikuwa umeshaanikwa, ndiyo maana hata mimi wa Mwanza naujua.

Usijaribu walichofanya wale wawili. Wao walikuwa wakubwa. Wewe ukimwambia mkurugenzi "siripoti kwako" kesho utakuwa Buzuruga stendi na begi lako.

Usiku wa ndoo

Turudi Furahisha, maana hapa ndipo penye somo lenyewe.

Hela zote za tiketi, hata za chungwa, tulikuwa tunaziweka kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, mfuniko umetobolewa mwanya kama kibubu. Saa saba usiku, msanii wa mwisho akiwa bado jukwaani, walikuja watu wawili kwa wakati mmoja. Dereva wa Mzee alisema ametumwa aichukue ndoo. Mpwa wa Bosi Mdogo akasema naye katumwa, ndoo ileile. Dereva alishika mkono wa ndoo. Mpwa akashika mfuniko. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya kreti ya soda, na kwa sekunde kadhaa nikawatazama watu wazima wakivutana ndoo ya rangi kama watoto kisimani.

Nikasema, "Kaka zangu, mimi sikatai. Kila mmoja anayo haki ya kutumwa. Ila hela haijahesabiwa, na ikitoka hapa haijahesabiwa, kesho mtaulizwa ninyi, si mimi. Ingieni kwenye gari tuhesabu wote."

Neno lililofanya kazi ni "mtaulizwa ninyi". Wakaachia. Tukaingia kwenye gari la matangazo, tukawasha taa ya ndani, nikamwomba na askari wa zamu asimame mlangoni. Tulihesabu mpaka saa tisa na nusu. Vishina vya kijani 1,506, vya chungwa 762, jumla 2,268, kwa shilingi 5,000 kila kimoja. Ndoo ilikuwa na 11,340,000 kamili, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza, maana kwenye tamasha la amani kabisa huwa inapungua elfu thelathini, arobaini. Nafikiri kila upande uliogopa kuiba mbele ya mwenzake.

Sikuwa na fomu. Nikageuza bango la tamasha, nikaandika nyuma kwa kalamu ya wino: tarehe, saa, idadi kwa rangi, jumla, majina yetu watatu. Wote wakasaini. Nikalipiga picha bango, nikaituma picha ileile, kwa maneno yaleyale, kwa wakurugenzi wote wawili, dakika moja. Kisha tukaenda ofisini. Kasha letu lilikuwa la funguo mbili, na funguo zote alikuwa nazo Shangazi kabla ya kuniachia mimi. Nikafunga, ufunguo mmoja nikampa dereva, mwingine nikampa mpwa, nikawaambia wawafikishie wakubwa wao.

Jumatatu asubuhi, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano, Mzee na Bosi Mdogo walisimama chumba kimoja. Hawakuwa na jinsi. Kasha halikufunguka bila wote wawili.

Mambo ya kuiga hapo ni machache. Kuhesabu kufanyike mbele ya pande zote. Taarifa iende kwa wote kwa maneno yaleyale, usiwe na toleo la Mzee na toleo la Bosi Mdogo. Na usikubali kubaki na kitu ambacho wote wanakitaka. Kigawe kwa namna ambayo hakitumiki mpaka wakutane.

Amri ya mdomo iandike wewe

Mkubwa aliye vitani hapendi kuandika. Atakupigia saa tatu usiku, atasema "fanya hivi", akate. Usibishane kwenye simu. Subiri dakika kumi, mtumie ujumbe mfupi. Wangu ulikuwa hivi:

"Shikamoo Mzee. Nimepokea maelekezo yako ya saa 3:10 usiku kwamba malipo ya bendi yasimamishwe mpaka Ijumaa. Nitafanya hivyo kesho saa 4 asubuhi. Kama nimeelewa vibaya naomba unisahihishe kabla ya hapo."

Hakuna lawama ndani yake, hakuna swali la kwa nini. Mara nyingi kabla ya saa nne nilipata jibu: "Hapana, ngoja kwanza." Amri nyingi za usiku haziwezi kustahimili kuandikwa. Ile inayostahimili itekeleze, na ujumbe wako uutunze.

Katzenberg alilipwa kwa sababu hiyo. Ahadi ya kiti ilikuwa maneno, na maneno yalipotea. Lakini mkataba wake ulikuwa na kifungu cha asilimia 2 ya faida ya kazi alizozisimamia, na kifungu hakipotei. Alifungua kesi mwaka 1996, na mwaka 1999 wakamaliza nje ya mahakama kwa kiasi ambacho magazeti yalikikadiria kuwa dola milioni 250 au zaidi. Katika kesi hiyo Eisner alisomewa matusi aliyoyasema kuhusu kimo cha Katzenberg, ambayo mtu aliyekuwa akimsaidia kuandika kumbukumbu zake alikuwa ameyaandika. Hebu fikiria: umesema kitu umekasirika, sebuleni kwako, na miaka michache baadaye kinasomwa mbele ya jaji na mawakili wana miwani puani. Kwa hiyo wewe pia, kwenye lile kundi la pili la WhatsApp, usiweke hata kicheko.

Ukiitwa nyumbani

Utaitwa. Mimi niliitwa Capri Point kwa Mzee mara mbili, na kwa Bosi Mdogo kule Nyegezi mara moja. Kukataa ni kujitangaza kuwa adui, kwa hiyo nenda, ila nenda mchana, nenda kwa usafiri wako, na ofisini uache umesema unakokwenda. Usikubali lifti ya gari lake kurudi. Mji huu ni mdogo na gari lake linajulikana mpaka na wauza karanga.

Salimia kama inavyopasa. Soda ikiletwa, kunywa. Mzee alikuwa akiniita "mayu", kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao, na siku hiyo alianza mbali, kwa habari za ng'ombe wa baba yangu, ndipo akafika: "Mayu, huyu kijana anataka kuniua na njaa. Wewe umeona hesabu. Niambie, ameiba kiasi gani?"

Nikamjibu, "Baba, mimi niliyoyaona yapo kwenye ripoti, na ripoti nimewapa wote. Kama kuna mwezi unaoutilia shaka, naomba uniandikie mistari miwili tu, niutoe wote na viambatisho vyake."

Akanyamaza muda mrefu, akitazama ziwa. Kisha akaniuliza kama nimeshakula. Hakuandika ile mistari miwili. Alitaka neno "ameiba" litoke mdomoni mwangu ili jioni aseme "hata mhasibu kasema".

Bosi Mdogo yeye alikuja kwa njia ya cheo. Alinipa barua kwamba ameteuliwa kuwa Kaimu Mkurugenzi Mtendaji na kwamba sahihi ya Mzee benki ifutwe. Barua ilikuwa na muhuri, na ilipendeza. Ukipata barua ya namna hii, usiipokee kwa furaha wala kwa hasira. Pokea, gonga "imepokelewa" na tarehe, kisha omba vitu viwili: muhtasari wa kikao cha bodi uliosainiwa, na uthibitisho kwamba mabadiliko yamepelekwa BRELA, kwa Msajili wa kampuni. Mtu yeyote anaweza kulipia ada na kuomba taarifa za kampuni kwa Msajili. Mimi nilifanya hivyo kwenye mtandao wao, na wakurugenzi walikuwa walewale, na Shangazi bado alikuwa ndani. Nikamwambia, "Kaka, benki wataniuliza hivi vitu, na nisingependa waniulize nikiwa nimekutangulia kukuaibisha." Akachukua barua yake. Hakuirudisha.

Benki yenyewe nayo ni rafiki yako. Wao hawajali nani ni bosi, wanajali waraka wa sahihi walionao. Nilimwambia meneja wa tawi mapema kwamba wakipata maelekezo yoyote ya kubadili sahihi wawapigie wakurugenzi wote. Sikumwambia zaidi ya hapo.

Nani anaamua mshindi?

Kule Bujora, Kisesa, kwenye Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, vikundi vya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, nungunungu wake, nyoka wake, na dawa zake. Jamii hizo mbili zinawataja Ngika na Gumha, wacheza ngoma na waganga waliokuwa mahasimu, kama waanzilishi wao. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Babu yangu alikuwa Mgalu na alikuwa anasema wazi kwamba watu hawahamishwi na maneno ya upande wa pili. Wanahama wakiona upande wako umechosha.

Kwenye kampuni, "watu" ni wenye hisa na wale wanaoleta mapato. Roy E. Disney, mtoto wa kaka yake Walt, alijiuzulu kwenye bodi mwishoni mwa Novemba 2003 akaanza kampeni ya kumng'oa Eisner. Machi 3, 2004, kwenye mkutano wa wenye hisa huko Philadelphia, asilimia 43 ya kura walimnyima Eisner. Hawakuwa nusu, na bado siku ileile bodi ilimvua uenyekiti ikampa George Mitchell, na mwaka uliofuata Eisner akamwachia Iger ukurugenzi mkuu.

Kwetu watu walikuwa wasanii. Mwezi wa tatu, wanne kati ya kumi na mmoja walihamia Dar, wakisema hawajui nani anawalipa. Hapo Mzee na Bosi Mdogo wote walishtuka, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Kwa hiyo kama wewe ni meneja wa msanii, usimtumie msanii kama kura. Msaidie kwa mambo matatu: mkataba wake awe na nakala, usajili wa kazi zake COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uwe kwa jina lake, na malipo yake yawe na tarehe. Akihama, ahame kwa miguu yake.

Na katikati ya haya yote, kuna vibarua. Wapandisha jukwaa, walinzi, mama wa chakula, kijana wa jenereta. Wakubwa wakigombana, hawa ndio wa kwanza kusahaulika maana hawana mtu kwenye kikao. Mimi niliweka utaratibu, nikauandika, nikauweka mbele ya wote wawili: vocha ya vibarua inasainiwa kabla ya tamasha, hela inatolewa usiku uleule, orodha ina majina na dole gumba. Hakuna mkubwa aliyeweza kukataa kwa maandishi. Kati ya yote niliyoyafanya pale hili ndilo ninalojivunia.

Na wewe je?

Usisubiri mwisho. Wiki ya kwanza tu ukiona vocha ina sahihi moja, fungua taarifa zako za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uangalie michango imeingia mpaka mwezi gani. Michango hukwama kimyakimya. Wanaona bora wanunue mabango. Yangu ilikuwa imekwama miezi mitatu na mhasibu ni mimi, maana vocha ya NSSF nayo ilihitaji sahihi mbili. Weka nakala ya mkataba wako wa ajira nyumbani, pamoja na hati za mishahara.

Ukifukuzwa, hesabu siku. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, kwa fomu namba moja. Wengi wanapitisha siku hizo wakisubiri bosi wao ashinde vita awarudishe. Na bila kujali mmeachana vipi, omba cheti cha utumishi; sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakupa haki hiyo.

Makabidhiano yafanye kwa orodha: funguo, vitabu vya risiti kwa namba zake, muhuri, kompyuta, salio la kasha. Anayepokea asaini, unayetoa usaini, nakala mbili. Yangu nilimkabidhi Mzee mwenyewe, Jumanne saa tano, baada ya kujiuzulu kwa barua iliyokwenda kwa wote. Bosi Mdogo alikuwa ameshafungua ofisi yake Pasiansi na wasanii watano. Waliobaki wawili walienda kuuza simu.

Kitu kimoja sikukiweka kwenye orodha. Siku ileile jioni kitasa cha ofisi ya hesabu kilibadilishwa, na sweta langu la zambarau likabaki kwenye kiti. Nililipata baada ya miezi mitatu, kwa mpwa wa Bosi Mdogo, ambaye sijui aliingia mle kwa ufunguo gani. Lilikuwa limefuliwa.